Meza ya Watu Wawili

Kijiwe chetu ni benchi la mbao mbele ya bafu la umma, hapa mtaani kwetu mlimani, Busan. Bafu lenyewe lilifungwa, na bomba lake la moshi limebaki limesimama tu, halina kazi kama sisi. Lakini mashine ya kahawa pale mlangoni hakuna aliyekumbuka kuizima, nayo bado inatoa vikombe vya karatasi vya kahawa tamu kupita kiasi. Wakaaji ni Kepteni, ambaye maisha yake yote baharini alikuwa mpishi. Mama Msasa, aliyewasugua migongo wanawake wa mtaa huu mpaka siku bafu lilipofungwa. Na mimi, wananiita Goti, na ukiniona nikitembea hutauliza kwa nini. Wa nne wetu ni Koleo. Huyo, nyama ikiwekwa motoni popote pale, hakubali mtu mwingine ashike koleo la kugeuzia. Siku ninayoisimulia ilikuwa Alhamisi ya baridi kali, nafasi ya Koleo ilikuwa tupu wiki nzima sasa, nasi tulikuwa tumekaa tunamsema.

— Ametutupa, alisema Kepteni. Mtu akishaonja nyama, kahawa ya mashine anaiona maji ya kuoshea vyombo.

— Mwache ale, nikasema.

— Sijamkataza kula. Nauliza anakula na nani.

Hapo ndipo penye uchungu. Ng'ambo ya barabara kuna mgahawa wa nyama ya kuchoma mezani, ule wa kula mpaka ushindwe mwenyewe. Tangu majani yaanze kupukutika, kila Alhamisi mchana tulikuwa tunamwona Koleo pale dirishani, moto katikati ya meza, na mbele yake jamaa wa makamo mwenye koti la bluu ambaye hakuna kati yetu aliyemjua. Koleo anageuza nyama, anaikata kwa mkasi, anamwekea jamaa sahanini. Jamaa anakula kichwa chini. Sisi tunatazama kutoka benchini na vikombe vyetu vya karatasi.

— Yule ni mtu wa dini zile mpya, alisema Mama Msasa. Nawajua. Wanaanza na chakula, wanamalizia na hati ya nyumba.

— Mbona anayelisha ni Koleo?

— Ndio ujanja wenyewe, Goti. Wanakuacha ujione mkarimu.

Kepteni alitikisa kichwa. Kwa maoni yake yule alikuwa mtoto wa nje, aliyezaliwa huko Koleo alikofanya kazi ujanani, na sasa amekuja kumtafuta baba.

— Pua ni ile ile, alisema.

— Umeionaje pua kutoka hapa? aliuliza Mama Msasa.

— Mimi nimekaa baharini. Naona mbali.

— Ulikuwa jikoni, bwana, chini kabisa ya meli. Ulichokuwa unakiona ni sufuria.

Nami sikutaka kupitwa. Nilisema mwenye mgahawa anamlisha Koleo bure akae dirishani, wapita njia wamwone mzee aliyenona waingie. Mama Msasa akaniuliza ni lini Koleo alinona, maana siku za mwisho alizomwona, koti lilikuwa linamvaa yeye. Nikarudi kwenye kahawa yangu.

Kepteni aliteremsha sauti, akatazama huku na huku.

— Kuna jambo sikutaka kulisema. Yule ni mpelelezi kutoka Kaskazini.

— Haya tena, nikasema.

— Sikilizeni. Mmewahi kuangalia majani ya saladi? Jamaa akifunga nyama kwa jani moja, maana yake meli zimetoka bandarini. Akifunga kwa mawili, hazijatoka.

— Na kitunguu saumu?

— Hicho anakula tu.

Tulicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kifupi, maana kila mmoja wetu alikuwa na donge lake. Miaka kumi na zaidi tumekaa naye benchi moja. Halafu mtu anatuvuka, anakwenda kumkatia nyama mgeni. Kepteni alisema kwamba Koleo akirudi, hatamsogezea nafasi, asimame.

Mama Msasa alikuwa anazungusha kikombe chake mkononi.

— Kwani sisi hakutuita? aliuliza.

Alituita, ndiyo. Pale mgahawani wameandika mlangoni kwamba meza ni kuanzia watu wawili. Mtu mmoja hawamtaki. Hawawezi kukuwashia moto na kukupangia visahani vyote vile kwa ajili ya tumbo moja. Siku moja Koleo alikuja hapa amechana nywele, amevaa shati safi, akauliza nani aende naye, ana hamu ya kitimoto. Kepteni akasema meno yake hayawezi. Mama Msasa akasema moshi utaingia kwenye koti lake la sufu. Mimi nikamtajia goti, na barabara yenyewe unaivuka kabla hujamaliza kukohoa. Akasema basi, siku nyingine. Siku nyingine akauliza tena, nasi tukajibu yale yale.

— Nilidhani anazungumza tu, alisema Kepteni.

— Wote tulidhani.

Wakati huo jamaa wa koti la bluu akatokea ng'ambo. Alisimama mlangoni pa mgahawa akiangalia juu na chini ya barabara. Alisubiri sana. Mhudumu akatoka, wakazungumza, mhudumu akaonyesha kidole kimoja, akatikisa kichwa, akarudi ndani. Jamaa akageuka, akatuona, akavuka barabara kuja kwetu. Alipokaribia nikaona hana pua ya Koleo hata kidogo.

— Shikamooni, wazee wangu, alisema, akainama.

Tuliitikia kwa ubaridi.

— Samahani. Nyinyi ndio marafiki wa yule mzee anayechoma nyama pale?

— Ndio sisi, alisema Kepteni, akikaa wima. Wewe nani wake?

Akasema si ndugu yake, si lolote. Anasambaza vifurushi mtaani, mke alishaondoka, na Alhamisi ndiyo siku yake ya mapumziko. Mara ya kwanza alipofika pale mgahawani walimkatalia mlangoni kwa sababu yuko peke yake. Pembeni alikuwa amesimama mzee mmoja aliyekataliwa vile vile. Mzee akamshika mkono wa koti, akamwambia mhudumu, "Tuko wawili." Basi ikawa hivyo kila Alhamisi. Maneno yao hayakuwa mengi. Mzee alikuwa anageuza nyama, akimwambia kula, hiyo imeiva.

Mama Msasa aliweka kikombe chini.

— Alhamisi iliyopita hakuja, jamaa aliendelea. Nikasema labda yuko na wenzake. Leo tena simwoni. Aliniambia siku nikimkosa nije hapa benchini, kwamba nyinyi mnamjua tangu zamani.

— Kweli kabisa, alisema Kepteni, lakini sauti yake ilikuwa imepungua.

— Basi nielekezeni. Anakaa nyumba gani?

Kepteni alinyoosha mkono kwenye ngazi za kushoto zinazopanda mlimani. Mama Msasa alikuwa tayari amenyoosha wake kwenye za kulia. Wote wawili wakaishusha mikono. Juu yetu nyumba za mlimani zimebebana mpaka karibu na kilele, milango midogo midogo, na mimi kila siku nilimwona Koleo akishuka kutoka huko, wala sikuwahi kugeuza shingo nijue anatokea wapi. Simu yake hatukuwa nayo. Tungempigia ya nini, na kila siku tulikuwa naye hapa?

Jamaa alitoa simu akapiga namba ya dharura, akaeleza kwamba kuna mzee hajaonekana. Kisha akaiondoa simu sikioni.

— Wanauliza jina lake.

— Koleo, nikasema.

— Jina lake hasa, mzee wangu.

Nilimtazama Mama Msasa, naye akamtazama Kepteni.

— Ana kovu chini ya bega la kushoto, alisema Kepteni. Refu, la kushonwa. Bafu lilipokuwa wazi, mimi ndiye niliyekuwa namsugua mgongo, naye ananisugua. Mgongo wake naujua wote.

Jamaa alilirudia neno kwa neno kwenye simu, taratibu, kwa adabu, kana kwamba ni jina.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Tuliacha vikombe benchini tukaanza kupanda ngazi, yeye mbele, mimi nyuma na goti langu. Tuligonga kila mlango tukiita Koleo, Koleo. Milango mingine haikufunguliwa. Iliyofunguliwa, walichungulia wazee, kila mmoja peke yake na televisheni ikiongea nyuma yake, wakatujibu kwa upole kwamba si wao.