Marehemu Maran, Mtazamaji wa Ayala

Mchungaji, wazee wa kanisa, ndugu, majirani, na ninyi wawindaji mliokaa karibu na mlango, amani ya Bwana iwe nanyi. Historia hii ilikuwa isomwe na mdogo wake marehemu, lakini sauti imemkauka kwa kulia, kwa hiyo nitaisoma mimi mjane wake, Supang, nami nitasoma polepole. Asubuhi hii wawindaji wameniomba marehemu asizikwe hapa kanisani, bali kwenye kilima kilicho juu ya chemchemi ya chumvi wanakokunywa ayala, kwa kuwa ndivyo alivyowaagiza wao, na mimi hakuniambia. Nimewajibu wangoje nimalize kusoma.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1946 hapa Pa Lirung, katika nyanda za juu za Sarawak, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Ulit na mama Sigang, akapewa jina la utoto, Padan. Mwaka 1955 aliingia shule ya misheni, akasoma hadi darasa la nne, akabatizwa mtoni tarehe 6 Aprili 1958, na mwalimu wake alizoea kusema kwamba mtoto huyu anasoma vizuri, ila anasoma dirisha kuliko kitabu.

Kazi yake ilikuwa kulima mpunga, kufuga nyati wa maji na kuchemsha maji ya chemchemi kupata chumvi, na tangu mwaka 1963 alikuwa mwindaji. Wawindaji wa kwetu hawampigi ayala mara afikapo kwenye chumvi, humwacha anywe kwanza, na wakati anakunywa wao humtazama, wengi wakitafuta mahali pa kulenga, lakini marehemu alimtazama mnyama mzima, toka kwato hadi masikio, hata akasahau kwamba ameshika bunduki. Mzee Lawai yupo hapa, yeye ndiye aliyekuwa akimnong'oneza, "Padan, unampiga au unamposa?" naye akijibu, "Nyamaza wewe, anageuka." Siku hizo walirudi mikono mitupu, na wanawake jikoni tuliwapokea kwa kuwauliza, "Mabwana, leo tunakula macho?" Lakini sikufichi, Lawai, na wewe ulikuwa ukirudi umetulia kama mtu aliyetoka ibadani.

Tulifunga ndoa tarehe 9 Desemba 1967. Siku hiyo nilivaa kofia ya shanga ya bibi yangu, nzito hata shingo ikaniuma, na kila aliyeingia aliisifu, ila bwana harusi nilimsikia ng'ambo ya moto akiwaambia wenzake juu ya ayala jike aliyemwona juzi yake, "Manyoya ya shingoni yalikuwa na umande, kaka, kila tone limesimama peke yake." Juu ya shanga zangu hakusema neno. Ndugu zangu, nilijua tangu siku ile kwamba nimeolewa uke wenza, na mwenzangu ana miguu minne.

Mungu alitujalia watoto watatu, Bulan mwaka 1969, Gideon mwaka 1972 na Rinai mwaka 1976. Kwa desturi yetu, mtu akipata mtoto wa kwanza huliacha jina la ujana na kutwaa jingine mbele ya watu wote, basi kwenye karamu ya Bulan marehemu alisimama akatangaza kwamba kuanzia leo ataitwa Payo, yaani ayala. Nilikuwa nanyonyesha, nikasema kwa sauti, "Chukua, na chumvi ukailambe huko huko." Watu walicheka hadi wakamwaga chai, lakini mama mkwe wangu hakucheka, alimwambia, "Mwanangu, tafuta jina jingine, huyu hatanii." Ndipo akatwaa jina la babu yake, Maran, ingawa wawindaji waliendelea kumwita Payo wakidhani sisikii.

Marehemu hakuninyanyasa hata siku moja, alikuwa shemasi tangu mwaka 1981, na nyama aliyoleta aliigawa kwa kila jiko kabla ya letu. Nami nyama ya ayala sikuikataa kamwe, niliila, tena niliitafuna kuliko ilivyohitaji kutafunwa. Nilichomwomba ni kimoja tu, anipeleke nikaone kitu anachokiona, na kila mara alijibu kwamba ni mbali na njiani kuna ruba wengi, kana kwamba shambani mwetu hamna ruba.

Mwaka 2012 macho yake yalianza kuugua, na kufikia Krismasi ya mwaka 2015 alikuwa haoni kitu. Mwezi Machi uliofuata aliniambia, "Mama Bulan, nipeleke kwenye chumvi." Nilimwongoza nusu siku, tukalala kwenye kibanda cha wawindaji, na kulipokucha, ukungu ukiwa bado chini, akatoka dume. Marehemu alimsikia kabla yangu, akanibana mkono, "Ni dume?" Nikasema dume. "Pembe zikoje?" Nikasema kama matawi. "Aa, usiniambie matawi, niambie pembe." Basi nilimweleza pembe, na shingo iliyolowa, na rangi yake kama sukari ya mnazi inapoanza kuchemka, na jinsi anavyosimama kama mwenye nyumba aliyesikia hodi. Kisha nikamgeukia mume wangu, nikaona usoni mwake kitu ambacho nilikingoja tangu siku ya shanga, naye amekielekeza kwa mnyama ambaye yeye hawezi hata kumwona. Na yule mnyama alikuwa mzuri kweli. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwa maana mshindani mbaya ungemcheka ukalala usingizi.

Mwaka 2018 alishikwa na ugonjwa wa figo, akatibiwa hospitalini mjini Miri, akaomba arudishwe nyumbani, na akaitwa na Bwana siku ya Ijumaa, tarehe 2 Agosti 2019, asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wangu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Miri, rubani aliyemleta kwa ndege ndogo akimlaza kama yai, majirani mlioleta mchele na kuni, mashemasi wenzake, na ninyi wawindaji mliomtembelea kila wiki mkamsimulia mliyoyaona.

Sasa nawajibu. Leo asubuhi nilimuuliza Lawai kwa nini mume wangu aliwaagiza ninyi na siyo mimi, akasema, "Mama, aliogopa utakataa." Aliogopa vizuri. Nimeomba juu ya jambo hili, na moyo wangu haujapoa, lakini agizo la marehemu ni agizo, mchukueni mkamzike kilimani. Ila mtakapochimba, acheni mahali pangu ubavuni mwake, na msiache upande wa mlima, acheni upande wa chemchemi, ili ayala wakija kunywa, na yeye akitaka kuwatazama, anitazame mimi kwanza.

Lala salama mikononi mwa Bwana, mume wangu, upumzike kwa amani, nami naja.