Kadi ya Ukurasa wa 112

Ndugu waombolezaji, historia hii imeandikwa na inasomwa na kaka mkubwa wa marehemu, kwa kuwa marehemu mwenyewe aliagiza hivyo, na akaagiza pia kwamba isitiwe chumvi.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1944, akiwa kitinda mimba wa fundi cherehani na mkunga, na tarehe hiyo haina shaka, kwani baba aliiandika kwa penseli ndani ya kifuniko cha cherehani, chini ya tarehe za wakubwa zake. Alianza shule ya msingi Januari 1951, akaingia sekondari mwaka 1959, akajiunga na chuo kikuu mwaka 1965, akapata shahada ya kwanza ya historia mwaka 1968 na ya uzamivu mwaka 1975.

Mwaka ule ule wa 1968 aliajiriwa na idara ya historia, akapewa chumba namba 9 mwisho wa ujia, chenye dirisha moja na makabati matatu ya chuma, na humo alikaa hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2009, akipanda vyeo hadi uprofesa bila kuhama, kwa maelezo kwamba kuhamisha makaratasi ni kazi kubwa kuliko kuyaandika.

Tarehe 12 Desemba 1970 alifunga ndoa na mpima ardhi, mtu mcheshi, aliyependa kusimulia kwamba alipomwambia marehemu kwamba watu wote wanasema wanafaa kuoana, alijibiwa, "Watu gani, na walisema lini?" Walijaliwa watoto watatu, mabinti wawili na mvulana mmoja, wote wapo hapa, na mume alitangulia mwaka 2003.

Kitabu chake cha kwanza kilitoka Mei 1977, kikihusu mgomo wa mwaka 1959 katika karakana ya reli, kikasifiwa na kufundishwa, lakini katika ukurasa wa 112 kilimtaja kwa jina fundi wa boila kuwa ndiye aliyepeleka siri za wagomaji kwa meneja. Mwaka 1984, akipekua majalada ya meneja, marehemu aliikuta barua ya mtoa siri mwenyewe, kwa mwandiko wake na sahihi yake, naye hakuwa fundi wa boila, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kufariki, baada ya miaka ya kupitwa na wenzake njiani bila salamu. Marehemu hakungoja toleo la pili, alikwenda nyumbani kwa mjane, akakaa naye asubuhi nzima, kisha akachapisha sahihisho akisema kosa ni lake. Mjane alimwambia, "Umechelewa, mwanangu, lakini umekuja."

Kutokana na kosa hilo alibuni kadi yake ya mistari mitatu, wa kwanza jina la msimulizi, wa pili aliyoyaona kwa macho yake, wa tatu aliyoyasikia na aliyemwambia, kadi ambayo leo inatumika katika vyuo vingi. Wanafunzi walimbandika jina la Profesa Nani-Kakwambia, na mmoja wao alimtania, "Profesa, hata siku yangu ya kuzaliwa niliambiwa na mama," naye akajibu, "Basi mwandike mama." Aliwasimamia watahiniwa thelathini na mmoja wa uzamivu, na baadhi yao wameketi hapa wakiwa na mvi.

Agosti 2018 aligundulika kuwa na maradhi ya figo, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na alifariki Alhamisi, tarehe 6 Februari 2020, saa nne na dakika ishirini asubuhi, katika wodi namba 4.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi hiyo, majirani waliompeleka hospitali kwa zamu bila kuombwa, na wanaidara waliomsomea magazeti macho yalipochoka.

Shukrani ya mwisho ni ya kaka yake. Wiki mbili kabla ya kufariki, marehemu alimkabidhi kadi ya habari ile ya ukurasa wa 112, mstari wa kwanza ukiwa mtupu, akasema, "Kaka, hii nimekuachia. Utaijaza ukiwa tayari." Kwa miaka thelathini na sita alibeba lawama peke yake, hata mumewe hakumwambia. Kaka yake alikuwa karani wa karakana mwaka 1959, akisifika kwa kutokosea jina la mtu, na ndiye aliyemtajia marehemu jina la fundi wa boila, ilhali hakuona lolote, alisikia kantini, kwa watu wawili ambao nao walisikia.

Kadi imejazwa jana, kwa wino, majina yangu yote matatu.

Binti wa fundi wa boila, uliyeketi safu ya tatu na wanao, baba yako hakumsaliti mtu, na aliyemsingizia ni mimi. Naomba radhi mbele ya watu hawa.

Nawe mdogo wangu, ahsante kwa kunisubiri. Kadi yako imekamilika, pumzika.