Maisha ya Merle Direen, Mshonaji Asiyejulikana

“Ombi la Marekebisho ya Kibao cha Maelezo, Kabati la Nne, Rafu ya Chini”: hilo ndilo jina la jalada lililofunguliwa na jumba letu la makumbusho mwaka 1982 na kufungwa Jumanne iliyopita, kwa kuwa mwombaji amefariki, na mimi Nola, bintiye, nimeombwa na familia niwasomee maisha yake.

Mama alizaliwa Franklin, Tasmania, tarehe 9 Aprili 1921, akasoma shule ya bweni Hobart, ambako masista walitaka kila nguo ishonewe jina la mwenyewe, hata ya ndani, kisha mwaka 1936 akaanza kazi ya kufungasha matofaa.

Juni 1940 mdogo wake, Leo, alijiandikisha jeshini, wenzake wakataka bendera ya kisiwa chao, yenye simba mwekundu, Mama akaishona jikoni kwa siku nne, na kwa kukosa kitambaa chekundu akamkata simba kutoka shimizi lake jekundu la shule, jina lake likabaki upande wa ndani. Leo alimtazama simba yule akauliza, “Dada, huyu simba au kondoo aliyemeza pilipili?” naye akajibu, “Mchukue hivyo hivyo, adui hatamkagua meno.”

Leo alifia kambi ya mateka, Timor, mwaka 1943, wenzake wakaificha bendera ndani ya mto wa kulalia, wakarudi nayo bila yeye.

Mama aliolewa na Athol Direen tarehe 11 Januari 1947, wakajaliwa watoto watatu, na mwaka 1963 bendera ikapelekwa makumbusho, ikaandikiwa kibao: “Mshonaji hajulikani.”

Alipowaandikia barua ya kwanza, “Jina langu liko tumboni mwa simba, mwanangu, fumua nyuzi tatu tu,” mkurugenzi alimjibu, “Mama, kufumua ni kuharibu urithi,” na hao ndio waliokata shubiri nzima ya pindo mwaka 1988 ili bendera ienee kabatini, wakajipongeza kwa mvinyo na jibini. Mkurugenzi aliyemfuata alidai uthibitisho wa ununuzi wa kitambaa. “Nimewatajia hadi nguo yangu ya ndani,” Mama alituambia, “sasa wanataka na risiti yake!”

Aliugua nimonia tarehe 2 Juni 2013, akafariki Hobart tarehe 14, akiwa na miaka 92.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea supu na pai, na wenzake wa matofaa. Makumbusho wameleta kadi ya rambirambi kwa “mpenzi wa historia”, tumeipokea.

Mama, lala salama, barua zimekwisha.

Bendera ile aliishona yeye.