Mgongo Aliomficha Mkewe

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Leo tunamkumbuka fundi cherehani. Mtaani walimwita Fundi Koti, maana koti alilokushonea yeye lilikukaa utadhani umezaliwa nalo. Fundi Koti ametutoka wiki tatu zilizopita, akiwa na miaka hamsini na minane. Na Fundi Koti alikuwa na kibiongo.

Kibiongo, wasikilizaji, ni kupinda kwa uti wa mgongo. Wake ulianza kupinda akiwa na miaka kumi na mitatu. Alikua hivyo, akajifunza kazi hivyo, akaoa hivyo. Ila mgongo wake hakutaka uonwe. "Baba alivalia shati nyuma ya mlango," anasema binti yake. "Mashati yake yote nilikuwa nayajua. Mgongo wake sikuujua."

Hata mkewe hakuujua. Mkewe ni mwoka mikate, mama mrefu, mcheshi, wa maneno yasiyo na kona. Miaka ishirini na miwili ya ndoa alimwona mumewe akikaa ukingoni mwa kitanda, pumzi fupi, uso umekunjamana kwa maumivu.

"Nikukande?"

"Niache tu, mama watoto. Yatapita."

Hayakupita. Mwishowe daktari akamwambia ukweli: mfupa hautanyooshwa kwa mikono, lakini misuli iliyokaza pembeni yake inaweza kulegezwa, kwa mazoezi na kwa kukandwa na mtu aliyesomea. Basi kila Jumatano mchana Fundi Koti akawa anafunga duka, anapanda ghorofa ya pili juu ya duka la dawa, kwa mama mmoja mkandaji.

Akarudi anapiga mluzi. Akalala usingizi mzito. Mkewe alipaswa kushangilia.

"Nilifurahi dakika mbili," anatuambia. "Ya tatu, roho ikaanza kuniuma."

Akawa ananusa mashati. Yalinuka mafuta ya mikaratusi.

"Ana miaka mingapi huyo?"

"Nani?"

"Unamjua."

"Sijamuuliza."

"Umri wake huujui, ila mikono yake unaijua!"

Fundi alicheka. Mkewe hakucheka. Wiki hiyo aliunguza mikate trei mbili.

Jumatano iliyofuata alimfuata, aproni ikiwa bado na unga. Akapanda ngazi. Akasukuma mlango bila hodi. Mumewe alikuwa amelala ubavu, mto katikati ya magoti, kifua wazi, anasimulia kisa cha mteja huku anacheka. Mkandaji, mama wa makamo mwenye miwani, alikuwa anambonyeza polepole kwa vidole gumba. Ndiyo mara ya kwanza mkewe kuuona mgongo ule. Na ulikuwa mikononi mwa mwanamke mwingine.

"Kumbe huku shati unavua!"

Mkandaji akaondoa mikono. "Karibu, dada. Mfupa mimi siuwezi. Nalegeza nyama tu, kifua kisimbane."

"Mikono hii inakanda unga tangu alfajiri. Itashindwa na mgongo mmoja?"

Fundi hakugeuka. Aliongea akiutazama ukuta. "Mke wangu, mwenye wivu ni mimi."

"Wewe?"

"Mgongo wako umenyooka. Kila gauni ninalokushonea, nikipitisha futi mgongoni kwako, wivu unanipanda mpaka kooni. Huyu dada ananiona mgonjwa. Wewe nilitaka unione mume."

Yule mama wa maneno mengi akasogea kitandani. Mkandaji akamshika kiganja. "Leta mkono. Si hapo kwenye mfupa. Pembeni. Taratibu." Nyama ilikuwa ngumu kama kamba iliyolowa. Ikaanza kulegea.

Miaka minne iliyofuata, Jumatano ilikuwa ya mkandaji, Jumapili ya mkewe. Je, wivu uliisha? Wapi! "Akiniambia ya Jumatano imemsaidia zaidi, nilikuwa nanuna mpaka Ijumaa."

Kisha kifua kikamshika. Akalazwa siku tisa. Siku ya nane mkandaji alifika hospitalini na chupa yake ya mafuta. Mkewe alisimama mlangoni pa wodi, akauziba mlango.

"Leo hapana, dada. Leo ni wangu peke yangu."

Mkandaji aliinamisha kichwa, akaondoka. Ndani, Fundi Koti akauliza kwa sauti ya chini, "Yule dada hajaja?"

"Hajaja," mkewe akajibu.

Kesho yake mchana Fundi Koti akakata roho.

Wasikilizaji wapendwa, kwa mjane, kwa binti yake, na kwa wote waliovaa makoti yake, poleni sana. Mungu awape subira. Na wewe unayesikiliza huku mgongo unakusumbua, anza kwa daktari, kisha usione haya kuguswa na walio wako. Nasi wengine tujiulize: ni nani tuliyemzibia mlango kwa kosa la kumjali yule tunayempenda?

Mjane alikuja hapa studio mwenyewe. Hakutaka wimbo wala salamu za ndugu. Aliomba jambo moja tu, tumfikishie mkandaji, popote alipo, maneno haya: "Dada, alikuulizia. Mimi ndiye niliyemdanganya."