Vikombe Vinne na Cheche za Gemu

Benchi letu liko mbele ya kinyozi, na Mama Kahawa ana vikombe vinne tu, vingine tumeshamvunjia. Asubuhi hiyo Gemu, mwenzetu anayetengeneza michezo ya simu, alikuwa akitokwa jasho na kompyuta mapajani. Saa nne baba wa mchumba wake angekuja kuona kazi yake, ndipo aamue kama atamwoza binti. Na mchezo wenyewe, ukilipua mabomu kumi, simu inaganda.

— Ni joto hilo, alisema Kinyozi. Simu ikichemka, akili inayeyuka.

— Joto gani! alidakia Betri, fundi simu. Kila bomu umelitia cheche ngapi?

— Mia tatu. Lakini baada ya sekunde moja zinazimika zote!

— Punguza.

— Nikipunguza, linakuwa kama kiberiti kilichoingia maji.

— Simu inaogopa, nilisema mimi. Haijazoea vita.

— Eeh! Kinyozi aliruka. Ipe bomu asubuhi, bomu jioni, kama dawa, mpaka izoee.

— Ikigoma, alisema Betri, mwambie mkwe imezimia kwa heshima yake.

Mzee mmoja mwenye shati lililonyooshwa vizuri alisimama kando yetu, akaomba kahawa.

— Samahani baba, vikombe vimeisha, alisema Mama Kahawa.

Mzee alitutazama mmoja mmoja.

— Hivyo walivyoshika vina kahawa?

Tulichungulia. Vilikuwa vitupu tangu saa mbili.

— Mmeshakunywa, mbona hamrudishi?

Gemu, macho kwenye kompyuta, alijipiga paji la uso.

— Cheche! Zinazimika lakini sizirudishi! Simu imezishika zote, na kila bomu naiomba mia tatu mpya!

Akaandika mistari michache: cheche ikizimika iwekwe kando, bomu linalofuata liitumie hiyohiyo. Akaipakia kwenye simu, akainua kichwa. Rangi ikamtoka.

— Shikamoo baba mkwe.

— Marahaba. Lete huo mchezo.

Mzee alilipua mabomu arobaini. Simu haikuganda. Akalipua mengine, akacheka peke yake mpaka akatoa miwani kufuta machozi, nasi roho zikatulia. Kisha akarudisha simu.

— Safi sana, mwanangu. Haya, sasa twende ukanionyeshe kazi yako.

Sote tuliinama tujifanye tunakunywa, lakini Mama Kahawa alikuwa ameshachukua vikombe vyake.