Kuku wa Wateja

Basi la kutoka Mbeya lilikaribia Ipogolo, na Mzee Kalinga alikuwa bado anamsimulia mama wa kiti cha pembeni, aliyepakata jogoo, habari za nyumba anayoiuza.

“Dalali ameshaleta wateja tisa, mama. Wote saa saba mchana.”

“Na wewe unawachinjia?”

“Mgeni aingie kwangu aondoke na chai tu? Wanakula, wanagongagonga ukuta, wanasifu bati, wanasema watapiga simu.”

“Dalali naye anakula?”

“Paja ni lake.”

Mkewe alishatangulia shambani Kilolo na masufuria yote, akaapa hampikii mteja tena mpaka nyumba iuzwe.

“Wa kumi mpe maharage,” mama alishauri. “Akimaliza sahani, huyo ndiye mnunuzi.”

Kalinga aliona aibu hata kulisikia neno maharage. Simu ikaita. Dalali alisema yuko mlangoni na mteja wa uhakika kabisa, kaja na mama mkwe.

Kalinga akamtazama jogoo. “Unamuuza huyo?”

“Simuuzi, baba,” mama alisema, basi likisimama. “Ila nyumba na mimi nitakuja kuiangalia. Ni saa saba kamili?”