Kaboni Zilizosomwa Dirishani

Ndugu Leonidas Alute, karani wa masjala katika ofisi yetu ya visima hapa Singida, anastaafu leo, tarehe 30 Juni 1984, baada ya utumishi wa miaka ishirini na miwili. Nimeombwa niandike kwa uchangamfu. Nitajitahidi, ila nimechoka, na yeye amechoka kuliko mimi.

Alikuja kwetu akitokea Unyambwa, na hoja yake ilikuwa moja tu: kila karatasi iwe na nakala. Sisi wapigachapa tukamwita Bwana Nakala. Ukichapa barua ya mistari miwili, anauliza, "Na ya pili iko wapi?" Loo, mtu huyu alituchosha! Hata barua yangu ya kuomba likizo ya uzazi niliichapa na kaboni, ile karatasi ya wino ya kutolea nakala, tumbo likigusa meza.

Kosa letu ni kwamba karatasi na nakala zake tuliziweka kabati moja. Mwaka 1975 watu walihamia kijiji kipya upande wa Ihanja, nasi tukafungua kabati tutafute vipimo vya maji ya huko. Mchwa walikuwa wamemaliza vyote, tukakuta udongo na pini. Mtambo wa kuchimba ulikuwa umeshafika kijijini, na wiki ileile ulitakiwa mkoa mwingine. Kina mama wa pale walikuwa wakifuata maji mwendo wa nusu siku.

Zilizopona ni kaboni zilizokwisha tumika, kwa sababu Ndugu Alute hakutupa kitu. Alizitia kwenye debe. Akawa anazibandika mojamoja kwenye kioo cha dirisha, anasoma herufi zilizopitisha mwanga, nami nachapa upya. Macho yalimwuma hadi yakatoa machozi. Tulirudisha karibu vipimo vyote. Lakini kaboni ya kijiji kile ilitumika mara mbili, maana zilikuwa adimu, na maandishi yakapandana: sehemu moja ina maji matamu, nyingine ya chumvi, na haikusomeka ipi ni ipi. Akalazimika kukisia. Mtambo ukachimba, yakatoka ya chumvi, mtambo ukaenda zake.

Hakuna aliyemlaumu, lakini alikosa raha kabisa. Alichukua likizo yake, akabeba koleo, akaenda kuchimba pamoja na wanakijiji ile sehemu ya pili. Alirudi amekonda, viganja vimechubuka, akasema tu, "Yamepatikana." Kisha akaja na amri mpya: kaboni moja, karatasi moja, na kila Jumamosi nakala zipelekwe kwenye ghala la Bwana Kanti, muuza vitambaa, lenye sakafu ya saruji. Tena kila mwaka hufunga kabati, anaficha ufunguo, anatulazimisha kuunda upya jalada zima kwa nakala za ghalani. Tumenung'unika mpaka basi. Hakuna jalada lililopotea tangu hapo.

Leo asubuhi wamefika kina mama wawili kutoka kijiji kile, Lea na Sara, na madebe ya maji kwenye baiskeli. Wameagiza chai ya kumuaga ipikwe kwa maji hayo, yasichanganywe na mengine. Ndiyo chai iliyo mbele yenu.

Ndugu Alute, asante sana. Kunywa wewe kwanza. Kisha nenda nyumbani salama, ukae na wajukuu, ulale hadi jua lipande, wala usitubakizie nakala ya uchovu wako; wetu unatutosha.